Kidole cha Tata

Mwanangu wa kwanza alianza kuota meno mapema sana. Siku moja mama yake alikwenda kulima shamba la kijiji cha ujamaa, nami, mwenye shahada na maswali mengi, nikabaki na mtoto nyumbani Izimbya. Alilia asubuhi nzima, akakataa maziwa. Jirani akashauri fizi zichanjwe kwa wembe. Nilikataa, lakini sikuwa na njia nyingine, nikaogopa.

Tata, baba yangu, akaingia kutoka migombani.

"Chuo kikuu hawakukufundisha hili?"

"Hapana, Tata."

"Sasa walikufundisha nini miaka yote hiyo?"

Sikuwahi kumwona akibeba mtoto mchanga. Kwetu hiyo ilikuwa kazi ya wanawake. Akanawa mikono kwa sabuni, akampakata mjukuu wake, akamsugua fizi taratibu kwa kidole kilichokomaa kwa kuchuma kahawa. Mtoto akakiuma, akanyamaza.

"Nani alikufundisha?" nikauliza.

"Wewe. Tena wewe ulikuwa unauma kuliko huyu."

Mama wa mtoto aliporudi, mwanawe alikuwa amekunywa maziwa yote. Nilimshukuru Tata kwa siku hiyo, na kwa zile nisizozikumbuka.