Pedeli Iliyozama

Jirani akifungua kopo la mafuta ya breki, ile harufu tamu ya kuchefua hunifuata hadi ndani nilikojikalia, na mara niko uani kwetu Bagamoyo. Baba alikuwa ameng'oa breki za ngoma za gari lake kuukuu, akamwita fundi aweke za diski. Tangu hapo pedeli ilizama hadi sakafuni, na kesho yake tulikuwa na harusi ya mama mdogo kule kijijini Fukayosi.

Fundi alilala chini ya gari akitoa upepo ulionaswa kwenye mabomba ya breki, mama akikanyaga pedeli, kanga kaifunga kiunoni.

"Shemeji, hukanyagi sawasawa."

"Nakanyaga mpaka goti linalia! Wewe ndiye unatuchezea."

Baba alimshuku fundi kwa vifaa vibovu; fundi alimshuku baba kwa mafuta ya magendo. Mama akashuka, akachungulia gurudumuni.

"Upepo si hupanda juu? Mbona nati ya kuutolea umeiweka chini?"

Fundi naye akachungulia. Kifaa cha kubana diski cha kulia alikuwa amekifunga kushoto, cha kushoto kulia, ndiyo maana nati zilikaa chini. Akavibadilisha, akatoa upepo upya, pedeli ikawa ngumu.

"Haya, tangulieni nyie wawili," mama akasema. "Mkirudi wazima, nami nitapanda."

Wakaenda hadi sokoni, wakarudi wazima.

Asubuhi nilipoitwa nipande, nikashika tumbo, nikasema linauma. Mama akanitazama kama alivyomtazama fundi.

"Upande gani?"

Nikashika pote. Nikapakiwa nyuma pamoja na masufuria.