Macho ya Ngoma ya Bongror

Kaskazini mwa kisiwa cha Ambrim hakuna aliyesahau siku Bongror alipochukua shoka akaipasua ngoma ya mpwa wake mbele ya watu.

Mpwa huyo, Tainmal, alikuwa na miaka ishirini na minne, mkono mwepesi na kichwa kigumu. Alikuwa amechonga gogo la mshelisheli refu kuliko watu wawili liwe ngoma, na juu yake akatia uso wenye macho ya duara, macho ya ukoo wa mama yake, bila kumwomba mjomba ruhusa wala kumpelekea nguruwe wa kulipia haki hiyo.

"Umeniibia mchana kweupe," Bongror alisema, akayapiga yale macho mpaka yakawa vibanzi.

Tainmal alijua amekosa.

Kwa miaka kumi na mmoja hakugusa ngoma. Alilima viazi vikuu, akaoa, akachonga sinia za kupondea mashelisheli.

"Wenzako wanachonga nyuso za mababu, wewe unachonga vyombo vya jikoni," mkewe, Melin, alimtania. "Haya, angalau mimi nimefaidi."

Tainmal alicheka naye. Lakini ngoma ikilia ng'ambo ya bonde, aliacha kula.

Kisha mikono ya Bongror ikaanza kutetemeka, patasi ikamshinda. Alibakiza daraja moja kati ya yale ya heshima ambayo wanaume wa kisiwa hupanda maishani, na daraja halipandwi bila ngoma mpya. Akamwita Tainmal.

"Nichongee," alisema, akitazama pembeni.

Kazi ilichukua miezi mitatu: pua, kidevu, mpasuko mrefu wa kutolea sauti. Mzee akaja kukagua, akalizunguka gogo mara mbili.

"Mbona kipofu?"

"Macho si yangu, mjomba."

Bongror akaketi juu ya gogo. "Una dume la nguruwe?"

"Ninalo. Meno yamejipinda duara, kama mila inavyotaka. Nimelifuga miaka saba."

"Saba? Ulikuwa unangoja nikuite au nife?"

"Lolote litakalotangulia."

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Kesho yake dume lilikabidhiwa uwanjani, watu wakishuhudia. Bongror akashika mkaa, akachora macho mwenyewe. Mistari ilikwenda upogo. Tainmal angeweza kuinyoosha, lakini aliifuata kwa patasi kila ilipoyumba.

Bongror alipanda daraja lake mwezi uliofuata, mpwa wake ndiye aliyepiga ngoma. Baadaye Tainmal alichonga nyingine nyingi, za macho ya duara kamili. Wageni walipomuuliza kuhusu ile yenye macho ya upogo, alisema tu, "Ndivyo nilivyopewa," akaendelea na kazi.