Kuku wa Somo la Asha

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto hainifurahishi, hata siku ya Idi. Wageni wanameza mate, mimi natoka nje kwa kisingizio cha kutafuta kuni. Mkinivumilia kidogo nitawaambia kwa nini.

Nilikuwa na miaka mitano, nasoma shule ya watoto wadogo hapa Kasongo, ambako kila mmoja wetu alikuja na kigoda chake kichwani. Mwaka ule dada yangu Asha, aliyekuwa anamaliza masomo ya ualimu, alitumwa darasani kwetu kufanya mazoezi ya kufundisha. Nyumbani alikuwa dada wa kunichana nywele kwa nguvu. Shuleni nilimwita Mamzele, kama tunavyowaita walimu wa kike, sawa na wengine, nikivimba kwa fahari.

Siku ya kupimwa ilipokaribia, mwalimu wake, tuliyemwita Metre, alimpangia somo: kuku. Si picha ya kuku. Kuku mzima, anayepumua, ili watoto waone na kugusa. Bila kufaulu somo hilo Asha asingepata diploma. Kwetu kuku alikuwa mmoja tu, Madoa, na Madoa alikuwa wangu. Bibi alinipa akiwa kifaranga.

Asubuhi ile Asha alimwosha Madoa miguu, akanitilia mchele kidogo kiganjani.

"Mupe akule," alisema. "Kisha umuage."

Nilicheka. Nani anamuaga kuku anayekwenda naye darasa moja? Lakini nilimpungia mkono, kwa mchezo.

Somo lilikwenda vizuri ajabu. Tuligusa mdomo, tukafunua mabawa, tukaiga sauti yake mpaka darasa la jirani likachungulia. Metre alikaa nyuma na suruali yake ya pasi. Kisha Asha akauliza:

"Kuku inatupatia nini?"

"Mayai! Nyama!" darasa lilipiga kelele.

Nilisimama. "Madoa hapana. Yeye iko wa mayai tu."

Metre alicheka mpaka akafuta machozi. Kengele ilipolia alimsifu Asha mbele yetu, kisha akamwonyesha Madoa kwa kidole na kusema kwa upole kabisa, "Materieli ya somo inabakia na mimi."

"Ndiyo, Metre," alijibu Asha.

"Ile kuku iko yangu!" nilipiga kelele.

"Sasa iko ya masomo, mama," Metre aliniambia, akanipapasa kichwa. Alimfunga Madoa kwa kamba ya mpira nyuma ya pikipiki, akashika barabara ya Kabambare. Kichwa cha Madoa kiliruka katika kila shimo, na mashimo ya barabara ile mnayajua.

Nilimwita Asha mwizi njia nzima. Yeye alibeba kikapu kitupu na kigoda changu. Kwa muda mrefu nilikataa anichane nywele.

Nilipofika mimi mwenyewe darasa la mwisho la ualimu, nilijifunza jambo lisilofundishwa ubaoni. Ukipangiwa samaki, samaki harudi nyumbani. Ukipangiwa ndizi, beba mkungu mzima. Wote tuliomba Mungu tupangiwe jiwe, na hakuna aliyewahi kupangiwa jiwe. Metre ndiye anayechagua somo, na huchagua akiwa na njaa. Nilichukia, na bado nachukia.

Asha alipata diploma. Hakuna shule iliyomwita, na mpaka leo anauza sokoni samaki wanaotoka Nyangwe. Siku moja, tukiparua samaki pamoja, nilimwuliza kama asubuhi ile alijua kwamba Madoa hatarudi.

"Si nilikuambia umuage?" alisema, akachukua samaki mwingine.

Alikuwa msichana tu, mbele ya mtu aliyeshika diploma yake, na kule kuaga ndicho kitu pekee alichoweza kuniachia. Mimi nilidhani ni mchezo.