Nyimbo Themanini na Tisa Ndani ya Kobe

Saa mbili asubuhi, Januari 2014, Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Ukungu wa ziwa bado haujainuka, na tayari watu watano wamepanga foleni kwenye benchi nje ya kibanda cha Sidonie Apendeki. Ndani, mama huyu wa miaka arobaini na tatu amepakata kompyuta isiyozidi ukubwa wa sinia la chai. Vidole vinakimbia, lakini macho yake hayapo kwenye vitufe. Yapo kwa mteja.

Mteja ni mzee Gakwaya, mkulima wa mahindi, anayemwandikia binti yake aliyehamishiwa Kanada. Sidonie anaacha kuandika, anamsomea kwa sauti, kisha anauliza: "Ipite?"

"Bado," anasema mzee. "Hapo pa mbuzi ongeza kwamba amezaa mapacha. Asije akafikiri huku tunalala tu."

Mbuzi anaongezewa mapacha. Barua inapita.

Kioo cha mashine hiyo kinaonyesha mistari minne tu kwa mara moja. Kutokana na ufinyu huo, makarani tisa wa Base Camp wamejijengea desturi yao. Mistari minne ikijaa, karani huisoma, na mteja akisema "ipite" ndipo wanasonga mbele. Barua isiyosomwa hivyo, hapa kambini watu hawaiiti barua.

Jina la kiwandani la mashine hizo ni Skribo. Nakivale hakuna anayelitumia. Wanaziita Kobe, kwa sababu hazina haraka, zina gamba gumu na hazijui kufa. Zililetwa mwaka 2003 na parokia moja ya Ubelgiji iliyokuwa ikibadilisha vifaa vyake, na kwa miaka kumi na moja zimekula vumbi, moshi wa mkaa na uji wa watoto bila kulalamika.

"Iyi mashini inakulaka mawe ine tu, inaenda miezi mitatu," anasema Sidonie, na kwa mawe anamaanisha betri ndogo za redio. "Sasa unipe laptopu, umeme wa kila siku nitapata fasi gani? Niikamulie ng'ombe?"

Kwa barua moja anatoza shilingi elfu moja. Siku njema humpa elfu nane, siku ya mvua hurudi nyumbani na mwavuli tu. Kwa kazi hiyo amesomesha watoto watatu, na mkubwa wao, Elisée, sasa ni fundi seremala.

Lakini kiwanda kimeacha kutengeneza Kobe. Vipuri vimekwisha. Shirika dogo la Mbarara linalowasaidia makarani lilitangaza mwaka 2012 kwamba kila mwenye Kobe angepewa kompyuta mpakato mpya, akiirudisha ile ya zamani.

Makarani wote tisa walikataa. Si mmoja, si wawili, wote! Walioambiwa wapokee zawadi walikunja mikono kama watu walioitiwa kodi. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, na makarani wa Base Camp waliufuata usemi huo kwa miaka miwili mizima.

Kilichoanza kuwageuza ni msiba wa Gervais, karani mwenye kibanda jirani na cha Sidonie. Ndani ya kila Kobe kuna betri nyingine ndogo, iliyofungiwa kiwandani, inayotunza kumbukumbu. Februari mwaka huu wa 2014, ya Gervais ilikata roho.

"Nilifungula asubuhi, nikakuta ndani mweupe," anasimulia Gervais. "Barua za miaka ine, adrese za batu, byote byalienda. Nililia, sikuficha."

Wenzake walimpa pole. Sidonie alimpa pole, kisha akaenda nyumbani akajifungia, maana ndani ya Kobe yake kulikuwa na kitu kizito kuliko barua.

Kulikuwa na nyimbo. Mwaka 1996 vita ilipowatoa kina Sidonie katika mji wao wa Baraka, kule Kivu Kusini, waimbaji wa kwaya ya kanisa lao waliondoka na watoto mgongoni, wakavuka ziwa hadi Tanzania. Vitabu vya nyimbo vilibaki. Miaka mitatu baadaye, waliobaki hai walipoingia Uganda kupitia mpaka wa Kikagate, kila mmoja alikuwa na vipande vyake kichwani: huyu ubeti wa kwanza, yule kiitikio.

Sidonie ndiye aliyeviunganisha. Tangu apewe Kobe, kila Jumapili mchana aliwakalisha kina mama chini, akaandika walichokumbuka na jina la mwenye kila wimbo, akawasomea mistari minne minne mpaka wote wakubaliane. Kwa miaka kumi na moja alipata nyimbo themanini na tisa. Waliowahi kuzitunga au kuzikumbuka kwa ukamilifu, wengi wao wamezikwa Nakivale. Nakala pekee iliyochapishwa ililowa na kuoza kwenye mvua za 2009.

"Mama Faida alinipa saba, akafa wiki iliyofuata," anasema Sidonie. "Ile betri ikikufa, Mama Faida anakufa tena. Donc nilisema, basi, tuende Mbarara."

Alhamisi ya pili ya Machi, Sidonie yuko Ruti, mjini Mbarara, kwenye karakana ya shirika, amekumbatia Kobe kifuani. Pembeni yake ni Nathalie, mwimbishaji wa kwaya, mama wa miaka sitini aliyevaa kitenge cha sikukuu kana kwamba wanakwenda harusini. Alipoulizwa kwa nini amekuja, alijibu: "Niko hapa kuchunga nyimbo. Sidonie anajichunga mwenyewe."

Anayewapokea ni Jonan, fundi, sajini mstaafu wa mawasiliano aliyetumikia miaka kumi na minane katika kambi ya jeshi ya Mbarara. Wateja wote humwita Afande. Anaeleza mpango kwa Kiswahili cha kijeshi, kifupi na kikavu: "Kobe tunafunga na waya. Yeye atajifanya kibodi. Ataandika yote ndani ya hii mpya, herufi moja-moja. Wewe unakaa, unatazama."

"Peke yake?" anauliza Nathalie.

"Peke yake, Mama. Bila mkono ya mtu."

Jonan anabonyeza. Kwenye kioo kipya kinachong'aa, herufi zinaanza kutembea. Nathalie anasogea na miwani yake. Uso unambadilika.

Kilichoandikwa ni hiki: *Tulivukq ;qji kzq ;kono zqko.*

"Ni luga gani hii?" anapiga kelele. "Sidonie, ni luga gani? Nyimbo zetu ziko wapi?"

Jonan anajaribu mara ya pili, ya tatu. Takataka ileile. Anavuta pumzi. "Mama, pole. Hii kitu imeoza ndani. Nimeona zingine kama hii. Wacha nitoe hiyo betri, tufute, wewe uanze na mpya leo." Na bisibisi tayari iko mkononi. Betri ikitoka, hakuna tena cha kutafuta.

Sidonie anaitazama ile sentensi ya ajabu. Kisha vidole vyake, vyenyewe, bila kuamriwa, vinaanza kuigonga juu ya meza tupu.

"Ngojea, Afande! Usiguse!"

Anaivuta Kobe, anagonga herufi moja. Anagonga tena. Halafu anaangua kicheko kinachowafanya mafundi wa chumba cha pili wachungulie mlangoni.

"Iko mzima! Kobe iko mzima kabisa! Ni mimi nilisoma ku Uvira!"

Mambo yalikuwa hivi. Sidonie alifundishwa ukarani kwenye mashine za Kifaransa, ambazo herufi zake hazikai mahali pamoja na zile za Kiingereza. Kobe kutoka Ubelgiji ilikuwa ya mpangilio huohuo wa Kifaransa. Kompyuta mpya ilidhani inaandikiwa na mtu wa Uganda. Kila Kobe ilipogusa mahali pa *a*, ile mpya iliona *q*.

Na Jonan angejuaje? Kwa miaka kumi na moja, vidole vya Sidonie vilikuwa vimefuta kila herufi juu ya vitufe. Kobe yake ni kipara mwanzo hadi mwisho. Mpangilio wake ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, mikononi mwa mwenyewe.

"Banange!" Jonan anashika kichwa. "Na mimi nilitaka kufuta!" Anaingia kwenye mipangilio, anaiambia kompyuta mpya kwamba mwenye mikono hii ni mtu wa Kifaransa. Dakika mbili, haikuzidi.

Anabonyeza tena.

*Tulivuka maji kwa mkono wako.*

Nathalie hakusubiri mstari wa pili. Aliimba. Herufi zikawa zinakuja, naye anaimba nyuma yake, akipunguza mwendo pale Kobe ilipojivuta, akiharakisha ilipokimbia. Kila ubeti ulipokamilika alisema, "Ipite," na kuendelea. Ilichukua saa moja na robo kuzimaliza zote. Kufikia wimbo wa arobaini, mafundi walikuwa wameacha kazi, na mama muuza chai wa mlangoni alikuwa ameshika sauti ya pili ya wimbo ambao hajawahi kuusikia.

Wimbo wa themanini na tisa ulipokwisha, Jonan alimsogezea Sidonie kompyuta mpya kwa adabu, kama anayemkabidhi mkubwa wake bunduki iliyosafishwa.

"Lakini Mama, herufi zilizoandikwa hapa juu sasa ni uongo. Ukibonyeza hii, inatoka ingine."

"Miye siangaliakake vitufe, Afande," alijibu, akaandika jina lake kwa mkupuo mmoja, bila kosa hata moja.

Habari zilimtangulia Base Camp. Kati ya makarani tisa, saba walisoma shule za Kifaransa kama yeye, na hofu kubwa ya wote, ambayo kila mmoja aliificha nyuma ya hadithi ya umeme, ilikuwa kwamba vidole vyao vingelazimika kuanza darasa la kwanza upya. Kesho yake, Ijumaa, wanane walijiandikisha. Gervais alikuwa wa kwanza. Kila kompyuta itatoka Ruti na paneli yake ya jua.

Sidonie mwenyewe ana mipango inayomnyima usingizi kwa furaha. Anataka kitabu cha nyimbo kichapishwe Mbarara kabla ya Krismasi, nakala mia moja na hamsini, kila mwimbaji na yake. Ameshaongea na mchapaji. Kina mama wa kwaya wameahidi maharage ya msimu huu kulipia karatasi.

"Kitabu cha kwanza hatutaimbia hapa," anasema, na kwa mara ya kwanza vidole vyake vinatulia. "Nitakituma Baraka, ku kanisa yetu, kwa bale balibakia. Miaka kumi na minane banaimba bila sisi. Bafungule, baone majina ya wazee babo mule ndani. Bajue tulitoka nayo."