Viazi Kwanza, Dripu ya Nne Baadaye

Ukungu bado umelala bondeni Kichiwa, na Odilo tayari ana tope hadi magotini. Anafukua viazi mbio mbio, tuta kwa tuta, jicho moja likiwa kwenye mawingu. Shamba si lake. Yeye ni mwajiriwa wa hospitali moja mjini Makambako, kitengo cha saratani.

"Mvua ikitutangulia, hiki kinyungu cha bondeni kinajaa maji na viazi vinaoza," anasema bila kuinua kichwa. "Vikioza, mwenye shamba haji kliniki. Asipokuja kliniki..."

Anapiga jembe.

Mwenye shamba ni Esnath, mama wa watoto watatu, mgonjwa wa saratani ya matiti. Alipangiwa dripu sita za dawa, moja kila baada ya wiki tatu. Amepata tatu. Ya nne ilimpita wiki mbili zilizopita, na madaktari wanasema kila wiki inayopotea inaupa ugonjwa nafasi ya kurudi na nguvu mpya.

Kazi ya Odilo ni kuwatafuta waliotoweka namna hiyo. Kazi hiyo haikuwapo mpaka mwaka jana, hospitali ilipoomba ithibati ya ubora kwa huduma zake za saratani. Wakaguzi walikuja, wakapekua. Chumba cha kuchanganyia dawa kilikuwa salama. Daktari wa upasuaji, mtaalamu wa maabara na mtoa dawa walikuwa wakikaa meza moja kujadili kila mgonjwa. Kisha mkaguzi mmoja akauliza walioacha matibabu njiani wako wapi. Hakuna aliyejua. Ithibati ikaahirishwa.

"Tulijua kumtibu anayekuja," anasema Daktari Letisia, mkuu wa kitengo. "Asiyekuja tulimwita mkaidi, tukaita jina linalofuata."

Neno hilo linamchemsha Odilo. Mkaidi ni nani? Mama asiyekubali chakula cha watoto wake kiozee ardhini, au hospitali inayompangia tarehe bila kumuuliza shambani kuna nini?

Zamani alikuwa wakala wa mabasi stendi ya Makambako, kazi ya kukimbia kutwa. Anajua vijiji, njia, na nani hushukia wapi. Hospitali ilimchukua kwa mkataba wa shilingi laki tatu kwa mwezi na mafuta ya pikipiki. Daktari Letisia humtania kwamba kiti chake cha ofisini wamekirithi buibui.

Lakini miguu mepesi haikutosha. Mara ya kwanza, siku chache kabla ya dripu ya nne, alikwenda kumkumbusha Esnath tarehe na gari la hospitali, ubavuni limeandikwa huduma za saratani kwa herufi kubwa. Liliegeshwa mlangoni saa nzima. Jioni kijiji kizima kilikuwa na habari, na wapo ambao bado wanaamini ugonjwa huo unaambukiza.

Esnath hajamsamehe. "Huyu kaka alikuja kunitangaza," anasema, akimnyooshea Odilo kiazi. "Alibakiza kupiga kengele ya kanisa tu."

Odilo anacheka kidogo, kisha anainamia tuta lake.

Maumivu ya kutangazwa huko yalionekana shambani. Wabena, wenyeji wa huku, wana mgowe: majirani huja na majembe, mwenye shamba hupika, na kesho zamu huhamia kwa mwingine. Esnath alipoita mgowe wa kuvuna viazi, hakufika hata mtu mmoja. Baadhi walimwambia mumewe, Filemoni, waziwazi, kwamba hawawezi kula alichopika mgonjwa. Filemoni peke yake asingemaliza kabla ya mvua. Basi Esnath akaamua kubaki.

"Watoto wangu hawali dripu," alimwambia Odilo alipomrudia mara ya pili, pikipiki ameiacha mbali barabarani.

Odilo alirudi Makambako na hakutulia. Wakaguzi wanarudi Jumatatu, na ofisini kila mtu alikuwa akifuta vumbi. Yeye alipita nyumba kwa nyumba kwa wanawake waliokwisha kumaliza matibabu, akiwaomba siku moja tu. Leo wamekuja wanane.

Mmoja wao ni Cresensia, muuza nyanya, aliyekatwa titi miaka minne iliyopita. Anapandisha gunia mgongoni huku akiimba kwa Kibena, wimbo wa kuwachamba wavivu. Juu barabarani majirani wamesimama wanatazama.

"Mnangoja viazi viwe chipsi ndipo mshuke?" anawauliza.

Baadhi wanacheka. Hakuna anayeshuka.

Mchana Esnath anatua sufuria ya viazi vya kuchemsha na maharage. Cresensia anachukua kiazi kutoka mkononi mwa Esnath, kile alichokwisha kukiuma, na kukila chote, polepole, akiwatazama walio juu. Baada ya muda Tabea, jirani wa nyumba ya pili, anashuka na jembe lake. Hasalimii mtu. Ananawa, anakula, anashika tuta lililokuwa limebaki. Nyuma yake wanafuata wengine.

Matone ya kwanza yanaangukia magunia yaliyokwisha kufunikwa turubai. Esnath anauliza Jumatatu kliniki inafunguliwa saa ngapi. Filemoni anawahi kujibu: ni saa mbili, na atampeleka mwenyewe.

Odilo hapumziki. Tayari anahesabu kwamba dripu ya tano itaangukia kwenye kupanda mahindi. Anataka hospitali iulize kwanza msimu wa mgonjwa ndipo impangie tarehe, na kila kata iwe na mgowe wa waliopona, hadi wilaya ya Makete. Daktari Letisia ameahidi kuwaeleza wakaguzi hivyo hivyo, tope na yote.

"Wakitupa ithibati tutashangilia," anasema Odilo, akifunga jembe kwenye pikipiki. "Lakini kuna mama wa Ipelele, huko Makete, hajaonekana tangu mwezi jana."

Anamgeukia Esnath. "Dada, kule saa hizi wana nini shambani?"

"Ngano," anajibu Esnath. "Nenda na mundu."