Okidi Nyeupe za Uwanda wa Vondra

Katika kaunti ile yote ya wahamiaji wa Kicheki hakuna aliyethubutu kubishana na Albina Hruska kuhusu majani. Mwalimu huyu mstaafu alikuwa amekausha mimea ya porini mia sita na kumi na miwili katikati ya magazeti ya Kicheki, akaibandika kwenye karatasi ngumu, na kwa kila mmea akaandika jina, tarehe na mahali alipouchuma. Karatasi zote zilihifadhiwa chuo kikuu, na wasomi walizitegemea bila wasiwasi.

Moja ilikuwa ya uongo.

Mwaka 1938 aliziona okidi nyeupe kwenye uwanda wa nyasi wa mzee Vondra, ardhi ambayo haikuwahi kuguswa na plau. Akaogopa wakusanyaji wa mjini wasije wakazing'oa zote. Basi akachuma moja, na kwenye karatasi yake akaandika: "Makaburini, upande wa mashariki." Alijiona mjanja kweli, masikini.

Miaka ishirini na sita baadaye serikali ikataka kupitisha barabara kuu katikati ya uwanda ule. Emil, mwana wa Vondra aliyerithi shamba, akapinga. Alisema utotoni aliona pale maua yasiyopatikana kwingine. Mkutano ukaitishwa kwenye ukumbi wa kanisa, na afisa wa barabara akaja na orodha kutoka chuoni.

"Hapa wanasema okidi hiyo imeonekana makaburini tu. Aliyeandika ni Mwalimu Hruska. Mama, ndivyo?"

Watu wote wakamgeukia. Albina akapiga hesabu: akikiri hii moja, nani ataziamini zile nyingine? Kazi ya maisha yake yote.

"Ni kama nilivyoandika," akasema.

"Haya, yameisha," Emil akasema, akivaa kofia yake. "Mwalimu akisema makaburini, ni makaburini. Huyu alinichapa mimi kwa kuandika ovyo!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Albina alicheka nao, na akajichukia kwa kucheka. Tangu siku hiyo hata kolache, yale maandazi ya Kicheki yenye plamu, alizozipenda kuliko chakula chochote, zilikataa kushuka kooni.

Mwezi Juni, buldoza zilipokwisha kuufyeka uwanda, Emil alibisha hodi mlango wa jikoni. Mkononi alishika gazeti lililoloa, na ndani yake okidi nyeupe pamoja na mizizi yake, nusu ya maua yamepondeka.

"Nimeiokota kwenye kifusi, Mwalimu. Zilikuwa nyingi, we acha tu! Nadhani upepo ulileta mbegu kutoka makaburini. Ndiyo hivyo, hakuna aliyejua. Ibandike, halafu uandike imetoka kwetu."

Albina akavuta kiti, akaketi. Kisingizio alikuwa ameletewa mpaka mezani. Kilichobaki ni kukipokea na kumkaribisha mgeni kahawa.

"Hazikuletwa na upepo, Emil," akasema. "Mimi nilijua."