Maji ya Bamvua Katika Chumba cha Chini

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa mwanga wake kuliko kwa maneno yake. Ilikuwa baada ya alasiri, enzi za Mdachi, katika nyumba yetu ya mawe kisiwani Chole. Nilisimama kwenye ngazi ya chumba cha chini, na juu kwenye boriti mwanga ulikuwa unachezacheza, kama kwamba dari yenyewe inapumua. Nilitazama kwa muda. Ulikuwa mzuri. Kisha nikaelewa kwamba mwanga ule unatoka kwenye maji, na maji yale yamo ndani ya nyumba yetu.

Lakini nimeanzia katikati. Nirudi nyuma kidogo, maana mimi huenda polepole, hata katika kuandika.

Babu yangu alijenga nyumba ile karibu na pwani, na chini yake akachimba chumba cha kuwekea vitu, nusu kimezama ardhini, chenye kidirisha kimoja cha kuelekea baharini. Mle ndani mlikuwa na ubaridi hata jua likiwa kali. Tuliweka mbata, mtama, na mikeka ya dada yangu Mwanahawa. Miaka miwili alisuka ukili na kuushona, ukindu mwekundu, wa manjano na wa zambarau, kwa ajili ya harusi yake. Nikishuka kuchukua mtama nilikuwa naipapasa mikeka ile kwa kidole, kimya kimya, kama mtu anayesoma.

Mwaka huo ufuo ulikuwa umeliwa sana. Bamvua moja, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakafika kidirishani, yakaingia kidogo, yakalowesha sakafu na kutoka. Fundi alikuja akagonga ukuta kwa kidole, akasema mawe ya chini yameanza kulegea. Unatakiwa ukuta mpya mbele ya kidirisha, wa mawe na chokaa, la sivyo pembe ile ya nyumba itakwenda na maji. Baba alikuwa ameshafariki. Chokaa hatukuwa nayo, wala rupia za kumlipa fundi.

Mama akasema, "Makame, nenda Kiegeani kwa Mzee Salimu. Alikuwa rafiki wa baba yako, ana minazi, ana tanuu la chokaa. Mweleze. Usimwombe mlangoni kama mtu anayeomba moto wa jikoni. Kaa, unywe kahawa, kisha useme."

Mwanahawa akacheka. "Mama, unamtuma huyu? Huyu akikanyagwa mguu huomba radhi yeye."

"Atasema," alijibu Mama. "Ameshaota ndevu."

Nikavuka kwa mtumbwi hadi Utende, ng'ambo ya pili, nikatembea chini ya minazi kwenda Kiegeani. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno yangu, nikiyasema taratibu, na yakapangika vizuri sana. Kivuli cha minazi kilipita juu ya mikono yangu, nikajiona kama naota, kama kwamba jambo lenyewe limekwisha kufanyika.

Mzee Salimu alikuwa barazani. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Njema."

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote. Hata mwenye msiba huanza kwa njema, kisha ndipo anaposhusha la moyoni. Kahawa ikaja. Akaniuliza tena, "Mama hajambo? Nyumba yenu haina neno?" Nikasema, "Hajambo. Hakuna neno." Akaniuliza mara ya tatu, akinitazama sana, "Kwa hiyo kwenu kwema kabisa?" Nami nikaona ndevu zake nyeupe na kanzu yake safi, nikaona miguu yangu ina vumbi, na yale maneno yote niliyoyapanga njiani yakanipotea. Nikasema, "Kwema kabisa, mzee."

Akaagiza nipewe machungwa ya kupeleka nyumbani. Nikaaga.

Sasa sikiliza kosa langu, maana kuona haya peke yake hakukuwa kosa. Mama alinipokea mlangoni, akauliza, "Amesemaje?" Nikamwambia, "Amesema tungoje kidogo, ataleta." Nilisema kwa wepesi ambao sikuwa nao Kiegeani. Mama akashukuru Mungu, akamenya chungwa.

Kwa sababu ya neno lile, hakuhamisha kitu. Alikuwa amekusudia kupandisha mikeka na mtama juu, lakini akaona ya nini kuhangaika, msaada uko njiani. Mimi nikanyamaza, kila asubuhi nikijiambia leo nitasema, na kila jioni nikijiambia kesho.

Siku kumi na tano zikapita, ikaja bamvua ya pili. Ndiyo siku ile ya mwanga darini.

Maji hayakuja kwa kishindo. Yaliingia kidirishani kwa utulivu, kama mgeni anayejua nyumba. Mikeka ilikuwa imejikunjua, inaelea, na rangi zake zilikuwa zikitoka taratibu. Chumba kizima kilikuwa chekundu upande mmoja na cha manjano upande mwingine, na katikati cha zambarau. Mwanahawa alikuja akasimama nyuma yangu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Huyo Mzee Salimu alisema ataleta lini?"

Ndipo nikawaambia ukweli, yeye na Mama, nikiwa bado kwenye ngazi. Maji yalipoanza kupwa, Mama alishuka akaukagua ukuta. Pembe ya ukuta ilikuwa imefunguka kiasi cha kupitisha mkono. Akasema, "Chukua mtumbwi kesho alfajiri. Safari hii usirudi na machungwa."

Mzee Salimu alikuwa barazani palepale. Sikungoja kahawa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na uongo wangu nikauweka mbele yake. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuuliza mara tatu," akasema.

"Uliniuliza, mzee."

"Na mimi nilikuona una jambo. Nilitaka kukuuliza mara ya nne. Nikasema, ah, kijana huyu ana haya, nisimsumbue." Akatikisa kichwa. "Tumekosa wawili. Haya, kaa chini tuanze upya. Habari za nyumbani?"

Nikakaa. "Njema, mzee. Lakini maji yameingia chumba cha chini, ukuta unafunguka, na hatuna cha kumlipa fundi."

"Umeona?" akasema. "Haikukuua."

Akatoa chokaa, akamlipa fundi, na akaja Chole mwenyewe kuketi juu ya jiwe na kumkosoa fundi kutwa nzima, mpaka fundi akamwomba akanywe kahawa kwa Mama. Mawe nilibeba mimi. Bamvua iliyofuata ikafika ukutani, ikasimama, ikarudi.

Harusi ilifanyika. Mikeka mingi ilioza, lakini mmoja uliofifia rangi Mwanahawa aliukausha, akautandika chumbani kwake. Tulimwambia autupe, akakataa. Nikienda kumtembelea hunikalisha juu ya mkeka huo, kisha huniuliza, "Habari za nyumbani, mdogo wangu?" Nami hutazama chini, nikaona nyekundu imeingia kwenye manjano, na nikamwambia kweli.

Basi mwanangu, ukiulizwa habari, jibu njema, ndiyo adabu yetu. Ila usiinuke barazani kabla hujasema kilichokuleta. Omba msaada wakati sakafu imelowa tu, usingoje iwe bahari. Ukishindwa kusema, rudi nyumbani useme umeshindwa, ili wenzako wahamishe vitu vyao. Na ukijaliwa kuwa na baraza yako, ukamwona mtu amekaa anazungusha kikombe bila kunywa, muulize mara ya nne.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba kavu, na ulimi wa kusema shida yako mapema, na mtu wa kuisikia. Amina.